Kabla ya Kulaumu Rangi, Kagua Ubao

Wanachuo wenzangu, mlango wa darasa ukianza kubanduka rangi, wa kwanza kulaumiwa ni muuza duka: "Katuuzia feki!" Feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi tatizo liko chini ya rangi, kwenye uso wa ubao. Sisi wa ualimu tulijue hili mapema, maana huko tutakakopangiwa, kopo la rangi lililonunuliwa kwa michango ya wazazi hukabidhiwa mwalimu.

Ubao umejaa vitundu vya mirija iliyopitisha maji mti ulipokuwa hai. Rangi huingia humo na kukauka kama mizizi, tena molekuli zake huvutana na za ubao. Mambo manne huzuia hilo.

Kwanza, maji. Kwetu Kitura, Mbinga, wakati wa masika ubao hupasuliwa leo, kesho ni fremu. Maji yanapotafuta njia ya kutoka huisukuma rangi, ikavimba malengelenge. Unyevu usizidi asilimia 15 hivi ya uzito wa ubao mkavu.

Pili, jua. Ukishuka ziwani Nyasa, Mbamba Bay, kuna joto na jua kali. Jua huvunja lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Ubao ukikaa wazi wiki chache tu, nyuzi za juu hulegea. Hapo rangi inashika kweli, ila inashika nyuzi zilizokufa, kisha zinang'oka pamoja.

Tatu, utomvu na mafuta. Mafundo ya msindano hutoa utomvu; mtiki una mafuta yake. Ufute kwa kitambaa chenye thina, upake mara tu unapokauka.

Nne, ulaini uliopitiliza. Randa butu hukandamiza nyuzi badala ya kuzikata. Uso unang'aa, fundi anasifiwa, kumbe vitundu vimezibwa!

Sasa tupime. Dondosha tone la maji kwenye ubao. Likisimama kama shanga, rangi nayo itapata shida kutandaa: piga msasa kufuata nyuzi, pangusa vumbi, rudia. Likitandaa, uso uko tayari. Unyevu wa ndani upime kwa mizani: pima kipande kila siku chache, uzito ukiacha kushuka, ubao umekauka kadiri hewa ya pale inavyoruhusu. Ukianza kupaka, praima itangulie, na usisahau vichwa vya ubao, maana ndiko unakonywa maji kwa kasi zaidi.

Vipimo hivi viwili havihitaji maabara. Wape wanafunzi mbao tatu: mbichi, iliyopigwa jua, na iliyopigwa msasa. Wapake rangi ileile siku ileile, wazikague kila mwezi. Watajifunza sayansi, na kamati ya shule itajua kwa nini hela ya msasa isikatwe kwenye bajeti ili kuongeza kopo la rangi.