SOMO: Tukae pamoja na wengine ao tukae peke yetu?

Lengo la somo: Kusaidia jamaa zilizohama na viongozi wao kuchagua kwa utulivu mahali pa kukaa, bila kuvunja undugu na bila kuongeza chuki kati ya makabila.

Namna ya kutumia somo: Lisomwe kwa sauti katika kikundi cha watu 10 mpaka 15, wanawake na wanaume. Baada ya kisa, acheni watu waseme kwanza yale waliyoyaona wao wenyewe. Mwalimu asikimbilie kutoa jibu.

1. Kwa nini somo hili?



Mtu akitaja watu waliohama, wengi wanafikiri mara moja juu ya kambi na mahema. Lakini katika inchi yetu sehemu kubwa ya waliohama hawakai kambini. Wanakaa kwa ndugu, kwa rafiki, kwa mkristo ao mwislamu mwenzao, na pengine kwa mtu waliyekutana naye siku ile ile ya kukimbia. Ilikuwa hivyo tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipoingia katika mji wa Goma. Ilikuwa hivyo tena baada ya tarehe 22 Mei 2021, watu walipohama kuelekea Sake, Minova na Bukavu. Na mwezi wa pili mwaka 2025, wakati kambi zilizozunguka Goma kama Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zilipoondolewa watu, wale walioshindwa kufika vijijini mwao walibisha tena milango ya wenye mji.

Kupokelewa ni neema. Hata hivyo, miezi ikipita, swali linakuja katika kila jamaa: tuendelee kukaa na wenzetu, ao tutafute chumba chetu? Swali hili linaonekana dogo mbele ya vita. Lakini jibu lake linagusa masomo ya watoto, usalama wa wasichana, deni, na hata amani ya mtaa mzima.

2. Kisa

Kisa hiki ni mfano, lakini wengi watajitambua ndani yake.

Mama mmoja alitoka upande wa Rutshuru na watoto wake sita. Bwana yake hakujulikana alipo. Alifikia Goma kwa wifi yake, katika nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Wifi naye alikuwa na bwana na watoto wanne. Juma la kwanza lilikuwa la machozi na furaha. Watu walikula bugali na sombe kwenye sahani moja, na usiku watoto walipangwa chini kama kuni.

Mwezi wa tatu mambo yalibadilika. Bidoni ya maji ilikuwa inaisha kabla ya saa sita. Mfuko wa makala uliokuwa unamaliza mwezi ulimaliza siku kumi. Kitu kikipotea, macho yaligeukia watoto wa mgeni. Halafu msaada ukaja: unga, mafuta na sabuni, lakini kwa waliohama peke yao. Jina la wifi halikuwa kwenye liste. Siku ile mwenye nyumba hakusalimia mtu.

Jioni moja wifi alimwita nje, akamwambia: “Wifi yangu, sikufukuzi. Wewe ni bibi ya kaka yangu. Lakini mimi pia nimechoka, na kama sikuambii leo, kesho nitakutukana.”

Yule mama aliumia, akaona amedharauliwa. Juma lile lile alikopa pesa, akapanga chumba kimoja pembeni ya mji. Hapo alipata kitu alichokuwa amekosa siku nyingi: mlango wa kufunga mwenyewe. Lakini akienda sokoni asubuhi kuuza, hakukuwa na mtu wa kubaki na wadogo. Binti yake wa miaka kumi na tatu aliacha masomo ili awalinde. Usiku watu wasiojulikana walibisha mlango mara mbili. Akaanza kulala akiwa amekaa.

Katika kikundi cha sala alifahamiana na mjane kutoka Masisi, mwenye watoto wanne, wa kabila lingine. Mjane akasema: “Dada, tukitia pesa zetu pamoja tutapata nyumba ya vyumba viwili na saluni, ndani ya uzio.” Ndugu wa pande zote mbili walikasirika. Kwa huyu waliuliza: “Utalalaje nyumba moja na wale watu?” Na kwa yule waliuliza neno lile lile.

Simamisheni kisa hapa. Ulizeni kikundi: ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Wanawake wale wawili walikwenda pamoja kwa mkubwa wa nyumba kumi, wakapatana mbele yake, wakahamia. Hawakukosa ugomvi. Mwezi wa kwanza waligombana juu ya chumvi, na mara moja juu ya habari za vita zilizosikika kwenye radio. Walipatana kwamba radio ikitaja makabila yao, hakuna mtu atakayeulizwa ajibu kwa ajili ya kabila lake. Binti alirudi shuleni, kwa sababu mama mmoja alikuwa anauza asubuhi na mwingine mchana. Na yule mama alirudi kwa wifi yake na kilo mbili za maharagwe, wakaketi, wakacheka.

3. Njia tatu na uzito wake

Kukaa katika jamaa inayotupokea. Faida yake: mgeni halipi nyumba, anapata mtu wa kumjulisha mji, na watoto wanalindwa. Ugumu wake: mwenye nyumba anabeba mzigo kimya kimya mpaka siku ya kupasuka. Wazee walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Maana yake mgeni afanye kazi na wenyeji, aonekane ni mkono wa kusaidia, siyo mdomo tu.

Kupanga peke yetu. Faida yake ni heshima na siri ya jamaa. Baba na mama wanaweza kuzungumza, na mama anawalea watoto namna yake. Ugumu wake ni pesa, upweke na usalama, zaidi sana kwa mama asiye na bwana, mzee, mgonjwa, ao watoto waliobaki peke yao.

Kupanga pamoja na jamaa nyingine. Faida yake: gharama inagawanyika na kuna macho mengi ya kulinda. Ugumu wake: vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Pasipo mapatano, deni la mmoja linakuwa deni la wote.

Hakuna njia iliyo nzuri kwa kila mtu. Kijana mwenye kazi na mjane mwenye watoto sita hawawezi kupewa shauri moja.

4. Mambo matano ya kupima kabla ya kuamua

Pesa. Fanyeni hesabu kwenye karatasi. Tuseme chumba kimoja ni dola 30 kwa mwezi, na mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi mitatu. Siku ya kuingia unahitaji dola 120. Tuseme nyumba ya vyumba viwili ni dola 50: kuingia ni dola 200, lakini jamaa mbili zikigawana, kila moja inatoa 100, halafu 25 kila mwezi. Jiulizeni pia: mwezi wa pili pesa itatoka wapi? Kwa sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga, garanti ya nyumba ya kukaa haipashwi kupita miezi mitatu. Ombeni mapatano ya maandishi na karatasi ya kila malipo.

Nafasi. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya msaada ni metre 3 na nusu za mraba kwa kila mtu. Chumba cha metre 3 kwa 4 kinatosha watu watatu. Tunajua wengi wanalala saba ndani yake. Kipimo hiki kisitumiwe kufukuza mtu. Kituonyeshe mahali ambapo magonjwa na ugomvi vitaanza.

Maji na choo. Kipimo cha maji ni litre 15 kwa mtu kwa siku. Watu 12 wanahitaji litre 180, ni kusema bidoni tisa za litre 20. Nani atazibeba, na kwa njia gani? Choo kimoja kisipite watu 20. Goma imejua kolera vibaya tangu mwaka 1994, tusiidharau.

Usalama. Mlango unafungwa? Wasichana watalala wapi? Je, kuna mtu mzima ndani ya nyumba ambaye mtoto anamwogopa? Muulizeni mtoto akiwa peke yake, na mumsikilize. Kama jibu ni ndiyo, ondokeni hapo haraka, hata kama pesa haijatimia. Na mtu akitaka kulipwa nyumba kwa mwili wa mama ao wa msichana, huyo hakupokea mgeni, anafanya uovu.

Watoto na kazi. Nyumba ya bei ndogo iliyo mbali na soko na shule inaweza kuwa ghali kuliko ile ya karibu.

5. Mapatano ya nyumba

Jamaa mbili zikiamua kukaa pamoja, zipatane kabla ya kuhamisha vyombo. Yaandikwe haya:

– Nani analipa nini, na tarehe gani.
– Garanti ni ya nani siku mmoja akiondoka.
– Zamu za maji, kufagia na kuosha choo.
– Jiko: tunapika pamoja ao kila mmoja na makala yake?
– Wageni: nani anaweza kulala, siku ngapi?
– Mtoto akikosa, nani anamwonya, na namna gani.
– Ugomvi ukipita siku tatu, tunamwita nani?

Msioneane haya. Haya ya siku moja inaweza kuzaa uadui wa miaka.

6. Kazi ya viongozi

Kiongozi, chaguo ni la jamaa yenyewe. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohama ndani ya inchi yao, za mwaka 1998, zinasema kwamba aliyehama ana haki ya kuchagua mahali pa kukaa, na kwamba watu wa jamaa moja wanaotaka kukaa pamoja waachwe pamoja. Kwa hiyo usimpangie mtu nyumba kama unapanga mifuko.

Fanya haya: Tembelea jamaa zinazopokea, siyo waliohama tu, na msaada ukija, sema na watoaji ili wenyeji nao wafikiriwe. Sikiliza wanawake bila waume wao kuwa karibu. Shuhudia mapatano bila kuomba zawadi. Na usikubali mtaa ugawanyike, avenyu hii ya kabila hili na ile ya kabila lile. Uvumi unakimbia haraka mahali ambapo watu hawachoti maji pamoja.

7. Maswali ya mazungumzo

– Wifi alikosa ao alifanya vema kusema wazi?
– Kama mgeni, ni kazi gani ungefanya tangu juma la kwanza?
– Ni maneno gani ya radio ao ya barabarani yanayovunja amani ndani ya nyumba zetu?
– Katika mtaa wetu, nani anakaa peke yake na anahitaji kutembelewa juma hili?

Mwisho wa somo, kila mtu ataje jamaa moja iliyompokea, ao aliyoipokea. Kama bado hamjarudi kusema aksanti, nendeni juma hili. Siyo lazima kubeba kitu mkononi.