Balbu Moja, Trei Nzima: Vidokezo vya Kuurudisha Mwanga kwa Miche ya Ndani

Kuku wa hapa kwetu Malolo hawana huruma na mche wa nyanya, na mbuzi ndiyo usiseme! Kama umeamua kuotesha miche ndani ya nyumba ili mvua za Novemba na Desemba zikukute tayari, hongera, umewaza vizuri. Kinachobaki ni mwanga. Lakini usikimbilie dukani kununua balbu kubwa. Itazame uliyonayo: mwanga wake mwingi unaishia ukutani, na ukuta hauzai nyanya. Tuurudishe kwa miche!

1. Anza na jua, halina bili
Malolo iko nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, basi dirisha la kaskazini ndilo lenye mali. Weka trei hapo, kisha nyuma yake, upande wa chumbani, simamisha kipande cha boksi kilichobandikwa karatasi nyeupe. Miche ya dirishani huinamia nje kwa kuwa mwanga unatoka upande mmoja. Ikiupata na mgongoni, inasimama wima. Kuanzia Oktoba jua la mchana linakuwa juu sana na haliingii dirishani kirahisi. Hapo ndipo balbu inaingia kazini.

2. Nyeupe isiyong'aa ndiyo bingwa
Rangi nyeupe ya ukutani, ile isiyong'aa, hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga na kuutawanya kila upande. Foili ya jikoni nayo inafaa, ila ibandike ikiwa imenyooka, maana ikikunjamana hurusha mwanga ovyo. Upande unaong'aa au uliofifia? Msigombane, tofauti ni ndogo. Kioo cha kujitazamia kiache chumbani: mwanga hupita kwenye kioo mara mbili, kwenda na kurudi, na kila safari unapungua.

3. Kata sketi, achana na dishi
Hiki ndicho kiini cha kiakisi kizuri. Mwanga ukigonga uso laini kama foili huondoka kwa pembe ileile uliyojia; ukigonga nyeupe isiyong'aa hutawanyika, lakini ukuta ulioinama bado huuelekeza mwingi chini. Kata vipande vinne vya boksi, vyembamba juu na vipana chini, vibandike nyeupe kwa ndani, viunge kwa selotepu, kisha balbu ining'inie kwenye uwazi wa juu. Mwanga uliokuwa ukikimbilia pembeni sasa unateremka kwenye trei. Umbo la dishi la televisheni linavutia, lakini balbu ikikaa kwenye kitovu chake hutoa mwali mwembamba: mche mmoja unashiba, wenzake wanalala njaa. Ukimaliza, zungushia trei yenyewe kuta fupi nyeupe zilizosimama wima, ili mwanga unaotoroka chini ya sketi urudi kwenye majani.

4. Shusha taa
Balbu tupu ukiipandisha umbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye mche hubaki kama robo tu. Robo! Kwa balbu ya LED ya kawaida ya nyumbani, anza na shubiri moja juu ya majani. Weka mgongo wa mkono usawa wa majani; ukisikia joto, pandisha kidogo. Miche ikirefuka myembamba na kupauka, inakulilia mwanga.

5. Balbu ipumue
Joto la LED hutokea kwenye kitako chake, kwa hiyo usizibe uwazi wa juu. Foili hupitisha umeme: iwe mbali kabisa na soketi, na mwagilia taa ikiwa imezimwa. Zile balbu za zamani za waya usizitumie hapa, zinaweza kuunguza boksi.

6. Futa vumbi
Kiangazi chetu kina vumbi jekundu, na weupe uliofunikwa haurudishi kitu. Kitambaa kikavu, mara moja kwa wiki, basi.

7. Pima kwa karatasi
Usiku, toa trei, tandaza karatasi nyeupe mahali pake, washa taa. Unaona kona yenye giza? Sogeza kuta mpaka mwanga ulingane. Kazi ya dakika chache, na ndiyo itakayokuonyesha kama sketi yako imekaa sawa.

8. Zima, mlale wote
Saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku zinatosha. Nyanya ikiwashiwa taa usiku na mchana bila kupumzika, majani yake hugeuka njano. Haya, pita dukani leo uombe boksi tupu, na miche ikizidi mgawie jirani.