Gari la Umeme, Safari Ndefu na Vituo Visivyoaminika: Maswali ya Wasafiri wa Kingolwira

Kingolwira, nje kidogo ya mji wa Morogoro, haina uhaba wa umeme wa safari, ukiangalia juu. Hapa ndipo ilipofikia njia ya msongo wa kilovolti 220 iliyojengwa kutoka Kinyerezi kulisha treni ya SGR, na tangu Juni 14, 2024 treni hiyo inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro bila tone la dizeli. Ukirudi barabarani, mambo ni mengine. Mwenye gari dogo la umeme anayetoka Dar bado anaingia kwenye gesti na kubembeleza soketi ya ukutani. Magari haya yanazidi kuonekana, mengi yakiwa mitumba ya Japani na mengine mapya kutoka China, na maswali ya wenyewe yanafanana. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi.

Umeme wa treni unapita hapahapa. Kwa nini gari lisichajie humo?

Kwa sababu umeme huo haukuandaliwa kwa gari. Waya ulio juu ya reli una volti 25,000. Soketi ya nyumbani ina 230. Kuushusha hadi gari liweze kuupokea kunahitaji transfoma, mita, vibali na mtu aliyeamua kuwekeza hapo. Na msidhani treni yenyewe imesalimika na hitilafu: mwaka 2024 Shirika la Reli lilieleza hadharani kwamba ngedere na bundi walihusika na hitilafu ya umeme iliyochelewesha abiria. Nchi nzima ilicheka, lakini maelezo yale yalikuwa ya kweli kiufundi. Mnyama akiunganisha nyaya mbili, umeme unakatika, awe ngedere wa porini au panya wa kwenye kisanduku cha kituo cha kuchajia.

Si tuliambiwa umeme sasa ni mwingi?

Ni mwingi kweli. Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi mapema 2024, limejengwa kwa megawati 2,115, na umeme wake unapita Chalinze, jirani zetu. Lakini kinachomkwamisha dereva mara nyingi si uzalishaji. Ni nguzo iliyoanguka wakati wa masika, transfoma ya mtaa iliyozidiwa, au waya mrefu unaofikisha umeme hafifu mwishoni mwa kijiji. Bwawa kubwa haliponyi nguzo iliyooza.

Kwa nini nisiamini kituo kilichoonyeshwa kwenye ramani ya simu?

Ramani inakuonyesha mahali kituo kilipofungwa. Haikuambii kama leo kinafanya kazi. Vituo vya umma nchini bado ni vichache na vingi vimejikusanya Dar es Salaam, kwa hiyo kimoja kikizima huna cha jirani cha kukimbilia. Msifikiri ni ubovu wa kwetu peke yetu. Mwaka 2022 watafiti walipita kwenye vituo vya chaji ya haraka vya eneo la Ghuba ya San Francisco, Marekani, wakajaribu vichwa 657 vya kuchajia. Vilivyofanya kazi vilikuwa asilimia 72.5. Uingereza ililazimika kutunga kanuni mwaka 2023 inayozitaka kampuni zihakikishe vituo vyao vya haraka vinafanya kazi asilimia 99 ya muda. Huko wana mafundi kila kona.

Sababu za kukwama ni za kawaida kabisa: umeme umekatika, mtandao wa simu hauko, hivyo programu ya malipo haifunguki, kebo imeng'olewa, gari jingine limeegeshwa mbele, geti limefungwa na mlinzi amekwenda kula. Kwa hiyo piga simu kabla ya kuondoka, na usiongee na ofisi tu. Mtafute mlinzi. Ofisi itakuambia kituo kipo, mlinzi atakuambia kama leo kinawaka. Mwombe akutumie picha mbili, ya skrini ikiwa imewaka na ya kichwa cha kebo. Mtumie na kitu kidogo cha vocha, maana hiyo si kazi yake.

Picha ya kichwa cha kebo ina maana yake. Nissan Leaf ya Japani inapokea chaji ya haraka kwa plagi ya CHAdeMO. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya hutumia CCS2. Yaliyoletwa moja kwa moja kutoka soko la China mara nyingi yana GB/T. Kituo kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisikufae.

Chaji yangu itanifikisha wapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, na anayewadanganya ni ile namba ya kilomita kwenye dashibodi. Namba hiyo inakadiriwa kutokana na ulivyoendesha karibuni. Ukiwa umezunguka Msamvu na Kihonda wiki nzima kwa mwendo wa pole, itakuahidi makubwa. Barabara kuu italipa madogo.

Tuhesabu. Chukua Leaf ya mtumba yenye betri ya uniti 40 (yaani kilowati-saa 40) ilipokuwa mpya. Baada ya miaka kadhaa tuseme imebaki na uniti 32 za kutumika. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari kama hili hula takribani uniti 15 kwa kila kilomita 100. Ukikanyaga hadi 100 kwa saa, linaweza kukaribia 20. Kutoka Ubungo hadi Kingolwira ni kama kilomita 180, hivyo kwa mwendo wa 80 utatumia uniti 27. Ongeza mlima. Huuhisi ukiwa umekaa kwenye kiti, lakini Dar iko usawa wa bahari na Morogoro iko takribani mita 500 juu. Kulipandisha gari la tani moja na nusu na zaidi kila mita 100 kunakula karibu nusu uniti, kwa hiyo mita 500 ni uniti mbili na nusu hivi. Jumla inakaribia 30 kati ya 32. Utafika, lakini utafika huku unatetemeka, na siku yenye upepo wa mbele au foleni ya malori Mlandizi hutafika. Kurudi Dar ni afadhali: unateremka, na mlima uliokuibia unakulipa sehemu ya deni.

Kwa hiyo panga hivi. Asilimia 20 za mwisho usizihesabu kabisa. Kisha jiulize swali moja kabla ya kila kituo: nikikikuta kimekufa, naenda wapi kwa chaji itakayokuwa imebaki? Ukikosa jibu, usikipangie safari. Kwa anayetoka Dar kuja huku, Chalinze ndipo pa kuamulia. Mpaka hapo umekwenda kama kilomita 110. Ukifika na chini ya nusu ya betri, usijipe moyo kwamba Mdaula, Ubena Zomozi na Bwawani ni karibukaribu. Simama, chomeka, agiza chai.

Upande wa magharibi kuna mitego mingine. Kwenda Mikumi mjini ni kama kilomita 130 kutoka Kingolwira, lakini kipande cha takribani kilomita 50 kinapita katikati ya Hifadhi ya Taifa, ambako huruhusiwi kushuka garini kutembea na tembo hawaulizi kama uko kwenye dharura. Ingia hifadhini ukiwa na chaji ya kutosha kutoka, au lala Morogoro. Dodoma ni zaidi ya kilomita 260 kutoka Morogoro mjini, na Gairo iko juu kuliko watu wanavyokumbuka. Kwa gari la betri ndogo, maoni yangu ni haya: liache nyumbani, nenda Stesheni ya Jakaya Kikwete ya SGR hapo Morogoro, panda treni. Hakuna aibu, na hiyo nayo ni safari ya umeme.

Milima ya Uluguru je? Naweza kwenda Mgeta?

Unaweza, na pengine ndiyo safari inayolifaa gari la umeme kuliko zote, mradi barabara ni kavu na gari halijainama chini mno. Kilomita ni chache. Kupanda kutakula betri kwa kasi ya kukushtua, lakini wakati wa kushuka mota inageuka kuwa jenereta na kukurudishia sehemu nzuri ya ulichotumia, huku breki zako zikipumzika. Tahadhari moja wengi hawaijui: usianze mteremko betri ikiwa imejaa pomoni. Umeme unaorudi utakosa pa kwenda, gari litaacha kujizuia lenyewe na utabaki na breki za kawaida tu. Ukichajia huko juu, ishia asilimia 80 au 85. Sheria hiyohiyo inamhusu anayetoka Iringa kushuka Kitonga.

Soketi ya kawaida inanipa nini?

Inakupa muda wa kulala. Ukivuta ampea 10 kwenye volti 230, unapata kilowati 2.3. Kidogo kinapotea njiani, na kila saa moja inakuongezea takribani kilomita 13. Ukisimama Chalinze kwa muda wa saa mbili, unapata kilomita 26, basi. Usiku kucha, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, ni kama kilomita 117. Ndiyo maana gesti yenye ua na mlinzi ni kituo bora kuliko mtambo wa haraka ambao huna uhakika nao. Soketi zipo kila mji kando ya barabara hii, na hazihitaji programu wala kadi.

Ila si kila soketi ni ya kuaminiwa. Gari linalochaji ni sawa na pasi iliyowashwa usiku mzima bila kuzimwa, na soketi nyingi hazijawahi kubeba mzigo wa namna hiyo zaidi ya nusu saa. Baada ya dakika 20 gusa plagi. Ikiwa ya moto, chomoa. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu usiitumie kamwe, na hata ile nene ikunjue yote, maana ikiwa imeviringwa inajipika yenyewe. Chaja ikiwasha taa nyekundu na kukataa, mara nyingi nyumba haina waya mzuri wa kwenda ardhini, ule mafundi wanaouita athi. Usimruhusu mtu "kuidanganya" chaja ikubali. Inakataa ili mtoto atakayegusa bodi ya gari asipigwe na umeme. Hamia nyumba nyingine.

Jioni, kati ya saa 1 na saa 4 usiku, watu wanapika na kuangalia televisheni, na umeme wa mwisho wa laini hushuka nguvu. Chaji inaweza kukatika na kurudi. Kama una muda, anza saa 5. Na umeme ukikatika katikati ya chaji, chomoa plagi, usubiri urudi na utulie dakika chache ndipo uchomeke tena.

Nimlipeje mwenye nyumba?

Kwa uwazi, na kabla ya kuchomeka. Salimia kwanza, eleza ni uniti ngapi utatumia, halafu nunua LUKU kwa namba ya mita yake kupitia simu yako, uzidishe kidogo. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, wa bei ya shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza kodi na tozo inakuwa kama 356. Uniti 20 ni shilingi 7,120, na hizo zinakupeleka zaidi ya kilomita 100. Linganisha mwenyewe na bei ya petroli.

Lakini zipo nyumba ambazo hesabu hiyo inaziumiza. Familia zenye matumizi madogo zimewekwa kwenye bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, hadi uniti 75 kwa mwezi. Zikivuka hapo, uniti inapanda hadi 350. Ukimchomekea mama mmoja gari lako usiku mmoja, ukavuta uniti 25, umekula theluthi ya unafuu wake wa mwezi, na wiki ya mwisho atanunua umeme kwa zaidi ya mara tatu ya bei aliyoizoea bila kujua kwa nini. Muulize ananunua uniti kwa bei gani. Akiwa kwenye bei nafuu, ama mlipe kwa kiwango cha juu, ama nenda kwenye gesti, gereji au duka lenye mita ya biashara. Wenye magari wengi hawalifikirii hili, na wanapaswa.

Nibebe jenereta?

Kwa safari ya barabara hii, hapana. Jenereta ndogo haitoshi, inayotosha ni nzito, na chaja nyingi huikataa kwa sababu ileile ya athi. Beba chaja yako ya kubebeka, adapta ya pini tatu bapa, ekstensheni nene na tochi.

Nikizimikiwa kabisa kati ya Mikese na Kingolwira?

Gari halizimi ghafla. Hukuonya, kisha hupunguza nguvu. Onyo la kwanza likija, zima kiyoyozi, shuka hadi mwendo wa 50 kandokando ya barabara, na uingie kwenye ua wa kwanza wenye taa. Likikataa kabisa, weka pembetatu mbali nyuma, maana malori ya Tunduma hayapunguzi mwendo. Usikubali kuvutwa kwa kamba na Fuso la msamaria: magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizungushwa kwa kuburutwa yanaweza kuiharibu mota na mitambo yake ya umeme. Kwa Leaf ni magurudumu ya mbele. Ama yainuliwe hayo ya mbele, ama gari lote lipandishwe juu ya gari la kubebea. Patana bei kabla halijapandishwa, na mwambie dereva akupeleke penye soketi. Gereji haina dawa ya betri tupu.