Huzuni ya Mwenye Kufunga Mizigo

Mheshimiwa Mshauri,
Nakaa Buluo, huku Likasi, Katanga, nchini Kongo. Nina rafiki ambaye kila mtu wa nyumba yake anapofunga mizigo ya safari, hata ya siku mbili, hushikwa na huzuni isiyo kifani. Juzi mwanawe alikwenda Kolwezi. Mama huyo hakutia kitu kinywani, akashinda akikunja na kukunjua nguo zile zile. Mchungaji anasema ni pepo, majirani wanasema amerogwa. Mimi najua kwamba mwaka 1992, akiwa mtoto, alilala gare, yaani stesheni ya treni, pamoja na baba yake Mkasai na kaka zake, hata mama yake, mtu wa hapa, akaja kumtoa. Waliobaki wakapanda treni, na baba hakuonekana tena. Nimwelezeje kuwa maumivu yake yametoka huko? Na nyumba tunayokaa sisi iliachwa na Wakasai.
Mama wa Buluo

Mama yangu mpendwa,
Dhana yako yaelekea kuwa sahihi. Baada ya Mkutano Mkuu wa Taifa kumchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mwezi wa Agosti 1992, mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga, nyumba za Wakasai wa Likasi zilishambuliwa na kuporwa, na maelfu yao wakakimbilia stesheni na mashuleni, wakakaa miezi wakingoja treni na kuzika watoto wao. Nao aghalabu walikuwa wazaliwa wa hapa hapa, watoto na wajukuu wa watu walioletwa kuchimba shaba ya kampuni ya Union Minière na kujenga reli. Mtoto aliyetolewa katika umati ule akaokoka, na ndugu zake wakaenda, hana msiba wa kulilia hadharani, kwa kuwa matanga hayakuwekwa na kila mtu alimwambia ashukuru.

Lakini kuijua asili ya maumivu ya mwenzio ni jambo moja, na kumtangazia ni jambo jingine. Ukimwendea na hukumu yako, utakuwa mtu wa tatu, baada ya mchungaji na majirani, aliyemfahamisha mwenyewe habari za nafsi yake. Siku atakapozishika nguo zile, kaa naye uzikunje pamoja, umwulize mambo madogo yenye kushikika: nani alifunga mizigo siku ile, bukari ilipikwa wapi, walilalia nini, kaka mkubwa alikuwa amevaa nini. Usimwulize kwa nini analia, maana angekuwa na jibu asingelia hivyo. Akinyamaza, nyamaza nawe. Akigeuza maneno, mfuate huko anakokwenda. Huenda ikapita miezi kabla hajaunganisha mwenyewe sanduku la mwanawe na treni ile, na akiunganisha kwa kinywa chake patakuwa na nafuu ambayo maelezo yako, hata yangekuwa fasaha namna gani, hayawezi kuileta.

Sasa nyumba. Umeiweka mwishoni mwa barua, kwa maneno machache, nami nadhani ndiyo iliyokufanya ushike kalamu. Si insafu kumwomba mtu atoe yaliyo mazito kwake ilhali wewe umeficha yaliyo mazito kwako. Mwambie kwanza, waziwazi, pasipo kujitetea kwamba ulikuwa mdogo au kwamba waliohamia ni wazee wako. Wala usimwombe msamaha papo hapo, akalazimika kukufariji wewe. Katika mji kama Likasi yumkini analijua jambo hilo siku nyingi, naye anangoja kuona kama utalitamka.

Na mchungaji usigombane naye, kwani sala haimdhuru. Ila akimwamuru afunge siku nyingi au atoe fedha ili pepo atoke, hapo mzuie. Na rafiki yako akikosa usingizi juma baada ya juma, au akianza kutaja kifo chake, usingoje mazungumzo yenu: mpeleke kwa daktari, na ikibidi hata Lubumbashi, yapata kilomita 120, ambako wako matabibu wa maradhi ya nafsi. Ufuatane naye wewe mwenyewe, na kabla hamjatoka mtajie siku ya kurudi.

Nenda kwake wiki hii, Mama, kabla mwanawe hajasafiri tena, na habari ya nyumba ndiyo uanze nayo.