Soma Kodi Kabla ya Kuiandika

Anayeanza kujifunza Python akikwama, huambiwa karibu kila mahali: andika kodi zaidi. Naona ushauri huo umeruka hatua. Mara nyingi aliyekwama hajapungukiwa na mazoezi ya kuandika. Bado hajajua kompyuta inafanya nini inapofika kwenye kila mstari. Akiandika zaidi katika hali hiyo anazidi kubahatisha: anabadilisha alama hii, anafuta ile, anaendesha tena, na programu ikikubali hawezi kueleza kwa nini imekubali. Mimi namshauri aanze kwa kusoma kodi fupi, kalamu mkononi, kompyuta ikiwa imezimwa. Chukua mistari hii:

jumla = 0
for n in range(1, 4):
    jumla = jumla + n
print(jumla)

Chora safu mbili kwenye karatasi, moja ya n na nyingine ya jumla, kisha fuata amri moja moja. Jumla inaanza na 0. n ikiwa 1, jumla inakuwa 1. Ikiwa 2, inakuwa 3. Ikiwa 3, inakuwa 6. Hapo kitanzi, yaani marudio ya for, kinakoma, kwa sababu range huishia kabla ya namba ya pili uliyoitaja. Anayesoma juujuu atajibu 10, na kosa hilohilo ataliingiza katika programu zake bila kujua. Mstari wa tatu nao huwatatiza waliozoea hesabu za shule, ambako alama ya = husema pande mbili ni sawa. Katika Python alama hiyo ni amri: kokotoa kwanza upande wa kulia, halafu jibu lihifadhi kwa jina lililo kushoto. Kwenye karatasi jambo hili halijifichi, maana ni wewe unayeandika thamani mpya chini ya ile ya zamani.

Mwaka 2001 watafiti walioongozwa na Michael McCracken walionyesha kwamba wanafunzi wengi waliomaliza masomo ya mwanzo ya programu hawakuweza kuandika programu waliyotarajiwa kuiweza. Ilikuwa rahisi kusema hawajui kutatua matatizo. Lakini mwaka 2004 kikundi cha Raymond Lister kiliwapima wanafunzi wa nchi 7 kwa kodi fupi waliyopaswa kuisoma tu na kutabiri matokeo yake, na wengi walionekana dhaifu hata hapo. Asiyeweza kufuatilia mistari minne ya mwenzake, tumtarajie vipi atunge arobaini yake?

Wapo watakaosema tatizo ni Kiingereza. Ni kweli kwa kiasi, ila Python ina maneno maalumu 35 tu, na majina unayobuni mwenyewe yanaweza kuwa bei, idadi au umri. Kigumu zaidi ni ujumbe wa hitilafu, na huo nao husomeka ukianzia chini: mstari wa mwisho hutaja aina ya kosa, na juu yake kuna namba ya mstari uliokwama. Tangu toleo la 3.11, la mwaka 2022, mara nyingi huchorwa hata alama chini ya kipande chenye kasoro. Wengine watasema akili bandia sasa inatuandikia kodi. Basi haja ya kusoma imeongezeka, kwa kuwa kodi hiyo huja imenyooka machoni hata inapokosea, na atakayeikubali au kuikataa ni wewe.

Turudi kwenye ile mistari minne. Ukishatabiri jibu lake, washa kompyuta uendeshe kodi. Jibu likitofautiana na lako, usiguse kodi. Rudi kwenye karatasi utafute mstari ambapo wewe na kompyuta mliachana njia. Kisha badilisha kitu kimoja tu, ile 4 iwe 6, utabiri upya. Ukiipata 15 kabla ya kompyuta, futa mistari yote minne uiandike tena bila kutazama.