"Kaka, Kwa GPA Hii Nina Nafasi?"

Kila msimu wa fildi wanafunzi wanakuja Ifakara, na kila msimu kuna mmoja anayenisubiri nimalize mgonjwa wa mwisho ili aniulize swali lile lile. Safari hii alikuwa binti wa mwaka wa nne wa fiziotherapia. Alikuwa ameshika simu, matokeo yake yakiwa kwenye kioo.

"Kaka, nina 3.6. Kwa GPA hii nina nafasi ya kupata masta?"

Nilitaka kumjibu kama nilivyojibiwa mimi: "Wewe omba tu, utapata." Lakini jibu hilo lilinigharimu mwaka mzima, pamoja na akiba niliyoanza kuiweka nikiwa intani. Kwa hiyo nikamwambia akae, tukachukua karatasi. Tuliyoyaandika jioni ile ndiyo ninayowaletea hapa, maana najua wengi wenu mnalo swali hilo hilo.

Swali moja lenye maswali matatu ndani

Ukisema "nina nafasi?", unauliza mambo matatu kwa pamoja. Naruhusiwa kuomba? Nikiomba, watanichagua? Wakinichagua, nitaweza kwenda? La kwanza linajibiwa na kanuni, la pili linategemea unaoshindana nao, la tatu ni pesa. Wengi wetu tunapiga hesabu ya la kwanza tu, halafu tunatembea kifua mbele kama tumeshajibu yote.

Mlango wa kwanza: naruhusiwa?

Tuanze na nyumbani. Kwenye kipimo chetu cha 5, daraja la kwanza linaanzia 4.4, daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na la pili la chini linaanzia 2.7. Hiyo 2.7 ndiyo kiwango cha chini ambacho kwa kawaida kinadaiwa ili kuingia shahada ya uzamili hapa nchini, ingawa kozi yenyewe inaweza kudai zaidi. Kwa hiyo binti wa 3.6 hakuwa na sababu ya kukosa usingizi kuhusu mlango wa nyumbani.

Ukitoka nje ya nchi, mambo yanabadilika. Mimi nilisoma kwamba wanaodahiliwa kwenye fiziotherapia Marekani huwa na wastani wa kama 3.6. Mimi nilikuwa na 3.7. Nikajiona kipanga! Nilisahau kwamba kipimo chao kinaishia 4 na chetu kinaishia 5. Ni sawa na watu wawili kulinganisha mavuno ya mpunga, mmoja anahesabu madebe, mwingine magunia. Wala usijidanganye kwa kugawanya kwa 5 na kuzidisha kwa 4. Wanaotathmini vyeti vya nje husoma somo moja moja na alama yake, kisha wanapata wastani wao wenyewe.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi: sikuangalia kozi imetengenezwa kwa ajili ya nani. Kule Marekani, shahada ya udaktari wa fiziotherapia, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3, ndiyo ya kuingilia kazini. Anayeiomba kwa kawaida amemaliza shahada ya kitu kingine na hajawahi kuwa fiziotherapisti. Uingereza nako kuna uzamili wa miaka 2 wa aina hiyo, unaomwandaa mtu wa fani nyingine asajiliwe kwa mara ya kwanza. Sisi tuliosoma fiziotherapia miaka 4 tumeshavuka hatua hiyo. Niliomba sehemu mbili za namna hiyo. Majibu yakaja mafupi: kozi hii si ya mtu ambaye tayari ana taaluma hii. Ada ya maombi haikurudi.

Kinachotufaa ni uzamili kwa waliokwisha kufuzu: wa kubobea katika tiba, au wa utafiti. Vyuo kama Western Cape, Stellenbosch na Cape Town, vyote vya Afrika Kusini, vina uzamili wa fiziotherapia. Wengine huamua kuingia afya ya jamii, ambayo inasomeshwa hata Muhimbili. Kabla hujalipa chochote, soma sehemu inayoeleza nani anaruhusiwa kuomba. Angalia pia kama wanadai mtihani wa Kiingereza, maana matokeo ya IELTS hutumika kwa miaka 2 tu. Ukiufanya mapema mno, utaulipia tena.

Mlango wa pili: watanichagua?

Hapa GPA inapungua nguvu, kwa sababu kila uliye naye kwenye foleni anayo. Wanaochagua wanatafuta kitu cha kukutofautisha na wenzako.

Barua yangu ya kwanza ilianza hivi: "Tangu utotoni nimependa kusaidia watu." Nilimpa dada mmoja, mwandamizi wangu kazini, aisome. Akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mdogo wangu, barua hii angeweza kuiandika mtu yeyote. Ifakara iko wapi humu ndani?"

Haikuwemo. Nilikuwa nimeificha, nikidhani mtu wa Morogoro vijijini anatakiwa aandike kama mtu wa mjini. Kumbe kilichokuwa changu kilikuwa hapo hapo mlangoni kwangu. Nilikuwa na mgonjwa wa kiharusi, mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Zamani watu wa kule walitegemea kivuko. Sasa daraja la Kilombero lipo, lakini nauli ipo pia, na msimu wa kupandikiza mpunga ukifika, anayemsindikiza hawezi kuliacha shamba. Mama alikuja mara mbili akapotea. Aliporudi, mkono ulikuwa umekaza kuliko mwanzo.

Nilimlaumu kimoyomoyo. Baadaye nikaona kwamba lile ndilo swali langu la utafiti: mgonjwa wa kiharusi anayeweza kufika kliniki mara moja tu kwa mwezi afundishwe mazoezi gani, na mjukuu wake afundishwe nini, ili asipoteze alichopata? Nikaanza kuandika kwenye daftari, bila majina, wangapi wanaanza tiba na wangapi wanarudi mara ya tatu. (Angalizo: daftari la kujifunzia si utafiti. Ukitaka kutumia taarifa za wagonjwa kwenye andiko, lazima upate kibali cha maadili na cha hospitali.)

Bonde letu linajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza mwaka 1996 kufuatilia kaya za Kilombero na Ulanga, vizazi na vifo, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo swali linalotoka huku lina mahali pa kusimama. Mgongo wa mkulima wa mpunga, mguu wa dereva wa bodaboda na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hayo nayo yanangoja watu wa kuyauliza vizuri.

Kuna mambo mengine mawili. Barua ya mapendekezo, mwombe mwalimu anayeikumbuka kazi yako, hata kama hana cheo kikubwa. Mwombe mapema na mpe nakala ya andiko lako. Na kama uliwahi kula sapu, usiifiche, kwa sababu transkripti itasema. Ieleze kwa sentensi moja, kisha onyesha ulivyopanda baada ya hapo.

Mlango wa tatu: nitaweza kwenda?

Barua ya udahili hailipi ada. Ufadhili una kanuni zake na kalenda yake, na mara nyingi maombi hufungwa karibu mwaka mzima kabla masomo hayajaanza. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, inadai uzoefu wa kazi wa miaka 2, yaani saa 2,800. Aliye mwaka wa nne akiuliza kama ana nafasi huko, jibu ni "bado", na "bado" si "hapana". Wanadai pia urudi nyumbani ukae miaka 2. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao uko wazi kwa Watanzania, na unalipia ada, nauli na fedha ya kujikimu. Usingoje udahili ndipo uanze kutafuta ufadhili. Viombe kwa wakati mmoja.

Mimi niko hapo hapo kwenye mlango huu. Awamu ya pili niliomba sehemu tatu. Moja walikataa, moja hawakujibu, moja wamenikubali. Ufadhili sijapata, nimeomba waniahirishie mwaka. Mama yangu ananiuliza kila Jumapili, "Umepata au hujapata?" Namjibu kwamba milango miwili imefunguka. Hapendi jibu hilo, na mimi silipendi, ila ndilo la kweli.

Zoezi

Chukua karatasi, andika kozi tano unazozitamani. Mbele ya kila moja jibu maswali yale matatu kwa neno moja: ndiyo, bado, au hapana. Penye "hapana" kwenye mlango wa kwanza, kata kozi hiyo leo, okoa ada yako. Penye "bado", andika kinachokosekana na tarehe ya kukipata. Zitakazobaki ndizo nafasi zako.

Binti wa 3.6 alikata mbili. Moja akaandika "bado: miaka 2 ya kazi". Zikabaki mbili. Aliitazama karatasi muda mrefu.

"Kwa hiyo, Kaka, nina nafasi au sina?"

"Unazo mbili, na moja inakungoja ukue. Swali lako la utafiti ni lipi?"

Hakuwa nalo. Kesho yake asubuhi nilimkuta wodini kabla yangu, ana daftari jipya, anamuuliza mgonjwa amefikaje hospitali.