Masta Mbili, Kichwa Kimoja: Vidokezo kwa Anayesoma Ustawi wa Jamii na Afya ya Umma

Ukiwaambia ndugu zako unasoma ustawi wa jamii, watakuuliza utafungua lini kituo cha yatima. Ukisema ni afya ya umma, shangazi atakuomba umwandikie dawa ya presha. Ukisema unasoma vyote viwili, watakuuliza utaoa au utaolewa lini.

Marekani mseto huu una mlango wake rasmi: vyuo vikuu kama Michigan, Columbia na Washington cha St. Louis vina programu ya pamoja, ambapo mwanafunzi hutoka na shahada mbili za uzamili, kwa kawaida ndani ya miaka 3 badala ya 4. Hapa Tanzania wengi wanajiunganishia wenyewe: digrii ya ustawi wa jamii, miaka kadhaa ya kazi halmashauri, kisha uzamili wa afya ya umma Muhimbili au kwingineko. Njia ni tofauti, lakini wanaopita huku na huku hukwama mahali palepale. Haya basi.

1. Chagua tatizo moja, uingie nalo kila darasa

Kidokezo hiki ndicho kikubwa, mengine yote yanakifuata. Mwanafunzi anayeandika kuhusu wazee muhula huu, malaria ujao na ndoa za utotoni baadaye atamaliza na vyeti viwili visivyojuana. Shika jambo moja na kila kazi ya darasani igeuze ielekee huko.

Tuchukue msamaha wa matibabu. Tangu wagonjwa waanze kuchangia gharama katika hospitali za serikali mwaka 1993, kumekuwa na utaratibu wa kuwasamehe wasio na uwezo, na mara nyingi anayewasikiliza ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mama amekaa kwenye benchi nje ya ofisi hiyo, karatasi ya bili imekunjwa mara nne kiganjani. Mumewe ameruhusiwa kutoka wodini tangu asubuhi, na hela haipo. Somo la ustawi litakufundisha kukaa naye: nani anaingiza kipato nyumbani, ndugu wako wapi, barua ya serikali ya mtaa anayo, na aibu aliyonayo uipokee vipi bila kuizidisha. Somo la afya ya umma litakuambia ufungue rejesta iliyo mezani. Wenzake ni wangapi mwaka huu? Wanatoka kata zipi? Waliugua nini, na je, ni ugonjwa ambao zahanati ingeumaliza mapema? Halafu linakuja swali gumu zaidi: wale ambao waliposikia habari za bili hawakufika kabisa, tutawahesabu vipi?

Hiyo rejesta ni tasnifu iliyolala. Na wakati wake ni huu, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inahitaji wasio na uwezo watambuliwe ili wagharamiwe. Kumtambua asiye na uwezo bila kumdhalilisha, na bila kumwacha nje jirani yake mwenye hali hiyohiyo, si kazi ya fani moja.

2. Uwe na jibu fupi la "vinahusiana vipi?"

Utaulizwa kwenye usaili, kwenye daladala, na hata na wahadhiri. Hili hapa. Mwaka 1905, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, daktari Richard Cabot alichoka kuona dawa anazoandika zinashindwa na hali ya nyumbani kwa mgonjwa: chumba kisicho na hewa, chakula kisichotosha, kazi isiyoruhusu kupumzika. Akaleta wahudumu wa ustawi wa jamii hospitalini, na Ida Cannon akaja kuiongoza idara yao kwa miongo kadhaa. Ukishasimulia hivyo, nyamaza. Mwenye kuelewa ataelewa.

3. Fildi: piga hesabu kabla hujaripoti

Marekani masta ya ustawi wa jamii inadai angalau saa 900 za mafunzo kwa vitendo, na afya ya umma ina mafunzo yake tofauti. Uliza mapema, na ujibiwe kwa maandishi, kama kituo kimoja kinaweza kuhesabiwa pande zote mbili. Jibu la mdomo la mratibu ambaye mwakani atakuwa amehama halikusaidii. Kama uko huko kwa viza ya mwanafunzi, pitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma.

Neno moja kwa wasomaji wetu walioko kule. Wakimbizi wengi kutoka Kongo waliopewa makazi Marekani wanazungumza Kiswahili, kwa hiyo mashirika yanayowahudumia yatakufurahia sana. Furaha hiyo iangalie kwa jicho la pili. Wiki ya tatu utakuta umekuwa mkalimani wa ofisi nzima, simu ikilia unaitwa wewe, na shauri hata moja la kulisimamia mwenyewe huna. Ukalimani ni taaluma yenye maadili na malipo yake. Mwambie msimamizi wako kwa upole, lakini mwambie.

4. Takwimu zisikutishe, wala zisikulevye

Waliotoka ustawi huingia darasa la epidemiolojia kama wanaopelekwa kunyongwa. Dawa yake ni kutumia data unayoifahamu. Chukua vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, vya kituo unachokijua, au rejesta ya mashauri ya ofisini kwako, uviingize kwenye Excel au Stata. Wastani na uwiano vinaeleweka haraka ukiwa unajua kila mstari ni mtu wa namna gani.

Halafu ile hofu ikiisha, wengi wanapinduka upande wa pili na kuamini kila namba. Tuseme kata moja imeripoti mashauri mengi ya ukatili wa kijinsia kuliko kata ya jirani. Mgeni atasema kata ile ni mbaya. Wewe uliyefanya kazi mtaani utauliza kwanza kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto kiko wapi, nauli ya kufika ni kiasi gani, na mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa kusuluhisha mambo nyumbani au wa kuyapeleka mbele. Huenda namba kubwa ni dalili kwamba watu wanaiamini ofisi. Kata iliyoandika sifuri ndiyo ya kuitembelea upesi.

Hapo ndipo utakapojua ulifuata nini kwenye fani zote mbili.

5. Usimwahidi mtu siri usiyoweza kuitunza

Kidokezo hiki kina sheria ndani yake, kwa hiyo taratibu. Fomu ya ridhaa ya utafiti hupenda kusema kwamba yote utakayosema ni siri. Sasa msichana wa miaka 15, katikati ya mahojiano yako kuhusu lishe, anakuambia anayofanyiwa na mjomba. Kama mtafiti umeahidi kunyamaza. Kama mtu wa ustawi unajua kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki azifikishe kwa serikali za mitaa.

Jambo hili haliamuliwi palepale, msichana analia na kinasa sauti kinazunguka. Liamue kwenye andiko la utafiti. Sema wazi ndani ya fomu kwamba siri ina mpaka, na mpaka huo ni usalama wa mtoto. Taja ni nani atakayepewa taarifa. Kabla hujaanza kuhoji, mtembelee afisa ustawi wa eneo hilo, uchukue namba yake ya simu na ujue anapokea wapi watoto usiku. Kamati ya maadili itakusifu, lakini si kwa ajili yao unafanya hivyo. Na mtoto mwelezee mpaka huo kwa lugha yake kabla hajafungua mdomo, siyo baada.

6. Barua, barua, barua

Kibali cha maadili kikishatoka, safari bado. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa Mtendaji wa Kata, ndipo mwenyekiti wa mtaa akutambulishe. Kila meza ina muhuri wake na ratiba yake ya vikao. Kumbuka pia kwamba ustawi wa jamii ulikuwa chini ya wizara moja na afya hadi Januari 2022 wizara hiyo ilipogawanywa; wewe mwenye miguu kote kote peleka nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri. Toa fotokopi za kutosha.

7. Wasimamizi wawili wakae meza moja, angalau mara moja

Mmoja anataka sampuli kubwa na hojaji. Mwingine anataka uwakalishe watu kumi na wawili uwasikilize kwa kina. Ukiwaendea mmoja mmoja, utaandika sura ya tatu upya hadi uchakae. Waite pamoja, hata kwa simu, waelewane mbele yako, kisha watumie wote muhtasari wa mlichokubaliana siku hiyohiyo. Mhadhiri husahau alichosema. Barua pepe haisahau.

8. Jitunze

Kusikiliza habari za kipigo saa nne asubuhi na kufanya mtihani wa biostatistiki saa nane mchana ni mzigo. Tafuta mtu wa kazini wa kuzungumza naye kuhusu mashauri yanayokufuata nyumbani, na muda huo uuandike kwenye ratiba kama kipindi. Wenzako wa afya ya umma watakuona mdhaifu. Waache.

9. Matokeo yarudi yalikotoka

Tasnifu ya kurasa 100 kwa Kiingereza kwenye rafu ya maktaba haimfikii yule mama wa kwenye benchi, wala afisa aliyekukabidhi rejesta. Andika kurasa mbili kwa Kiswahili: ulichokikuta, na mambo mawili au matatu ambayo halmashauri inaweza kuyafanya kwa bajeti iliyonayo. Mpe Mganga Mkuu nakala, mpe Afisa Ustawi nakala, kisha omba dakika kumi kwenye kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani atakubishia. Nenda na namba zako, na nenda na majibu.